Mjadala: Cheti kibebe taarifa zote ndani ya QR, au kiungo cha tovuti kinatosha?

Mwenye Steshenari, Kariakoo:
Wakuu, hili linanikera. Vyeti na barua siku hizi vina QR, ila ukiskani unapelekwa kwenye tovuti. Seva ikilala au bando likikata, umebaki na karatasi yenye viboksi. Juzi mteja kaskani barua yake ya ajira mara nne hapa kaunta, hakuna kilichofunguka, na mwisho wa kuwasilisha ni saa kumi. Kwa nini taarifa zote zisikae humo humo? Mtasema nafasi haitoshi: QR kubwa kuliko zote, viboksi 177 kwa 177, inabeba baiti 2,953 tu, yaani kama herufi 2,953. Basi tuweke rangi. Fraunhofer, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, wametengeneza JAB Code, msimbo kama QR ila wa rangi, na tangu 2022 ni kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa. Kiboksi cheusi au cheupe kinabeba biti moja, yaani sifuri au moja; ukiwa na rangi nane, kimoja kinabeba tatu.

Mama Fotokopi, Mbagala:
Kaka, na wewe ni mchapaji kweli? Cheti huku kinapigwa fotokopi nyeusi, kinagongwa muhuri wa wakili, ndipo kinaingia kwenye bahasha. Hizo rangi zako nane kwenye mashine yangu zinatoka kijivu tupu. Bado hujagusa habari ya katriji ya njano kukaribia kuisha.

Kijana wa Programu, Sinza:
Mnagombania nafasi msiyoihitaji. Jina, namba, chuo, mwaka, daraja: baiti 300 zinatosha na chenji inabaki. Ongeza sahihi ya kidijitali, namba ya siri ya chuo inayothibitisha kwamba wao ndio waliotoa na hakuna kilichobadilishwa: baiti 64, jumla 364. Hiyo sahihi ndiyo ya kuidai, maana kiungo kitupu hata tapeli anachapisha, anakupeleka kwenye tovuti feki iliyopakwa rangi za chuo. India, QR ya Aadhaar, kitambulisho chao, ina hadi picha ya mtu iliyobanwa, imesainiwa, na inahakikiwa bila intaneti.

Halafu Kaka Steshenari, QR ina viwango vya kustahimili kuharibika, na hizo 2,953 ni kwa kiwango L, ambacho kinastahimili uharibifu wa asilimia 7 hivi. Ukitaka H, asilimia 30, unabaki na 1,273. Cheti kinachokunjwa mara nne na kukaa mfuko wa nyuma kwenye daladala, mimi nakipa H.

Mhasibu, Posta:
Na cheti kikifutwa? Karatasi haitajua, itaendelea kusema ni halali. Orodha ya vilivyofutwa lazima ikae mahali, na hapo tumerudi kwenye seva ileile.

Kijana wa Programu, Sinza:
Kweli, bosi. Lakini orodha hiyo mhakiki anaipakua asubuhi mara moja, siyo kila karatasi iombe mtandao.

Mwenye Steshenari, Kariakoo:
Rangi naziachia, fotokopi imenimaliza. Ila viboksi 177 vya nyeusi sijavikubali kushindwa. Mama, hebu jaribu.

Mama Fotokopi, Mbagala:
Nimejaribu. Nimechapisha zote mbili kwa sentimita 6: hiyo ya 177 iliyojaa, na ya baiti 364 kiwango H, ambayo ni viboksi 97 kwa 97. Iliyojaa, simu imesoma chapa ya kwanza baada ya kuhangaika. Fotokopi ya fotokopi imegoma kabisa. Ndogo imesoma mpaka nakala ya nne. Ya tano sijui, karatasi imeisha na kuna mwanafunzi anasubiri.