Uvimbe shingoni unaodunda: mtoto akatwe?

Mzazi_Arua: Shikamooni wakubwa. Binti yangu ana miaka 9. Amezaliwa na uvimbe chini ya sikio la kushoto. Mwaka huu umekua, una joto na unadunda. Kliniki moja wanataka kuukata kwa ganzi. Nikubali?

Tabibu_Tororo: Usikubali, ndugu. Uwekee vidole viwili taratibu. Ukihisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, huenda damu inatoka kwenye ateri na kuingia venani moja kwa moja, bila kupita kapilari, vile vimishipa vyembamba vya katikati. Ukikatwa hapo, damu huruka kwa nguvu ya ateri, na kliniki haina damu ya kumwongezea. Hata kinyama cha kupima wasichukue. Aanze na ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu inavyotembea; haina mionzi. Majibu yataje kasi ya damu na ateri inayolisha. Wakiandika "uvimbe laini" tu, mrudishe.

Mama_Busia: Si ile alama nyekundu ya watoto wachanga inayopona kwa dawa ya propranololi?

Tabibu_Tororo: Hapana, mama. Ile hujitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa, hukua upesi, kisha husinyaa yenyewe. Hii haisinyai, na huchachamaa mtoto akibalehe au pakigongwa. Propranololi haiitibu.

Sista_Kampala: Omba barua ya rufaa kwenda Mulago, hospitali kubwa ya rufaa hapa Kampala, kwa wapasuaji wa masikio, pua na koo. Watahitaji picha ya mishipa, CT au MRI. Tiba yenyewe mara nyingi ni hatua mbili: katheta (mrija mwembamba) hupitishwa kinenani hadi kwenye kiini, yaani fundo la mishipa ambapo ateri na vena zimeungana, kiini kinazibwa kwa gundi maalumu, kisha uvimbe wote hutolewa ndani ya siku 1 hadi 3. Piga simu kwanza uulize kama huduma ya kuziba inapatikana. Ila atakayetaka kufunga ateri inayolisha peke yake, mkatalie kabisa! Mishipa jirani itatanuka ilishe kiini, na njia ya katheta itakuwa imefungwa.

Mzazi_Arua: Asante sana. Na ukipasuka tukiwa nyumbani?

Sista_Kampala: Kandamiza palepale kwa kitambaa safi, dakika 10 bila kuchungulia, huku mnatafuta gari. Usimzungushie bandeji shingoni. Akiwa na maumivu apewe parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni. Asikandwe, asichanjwe dawa ya kienyeji, na kola ya sare isimsugue. Akianza kuhema au kuchoka upesi, mwambie daktari apime moyo: damu nyingi ikipita njia hiyo ya mkato, moyo huelemewa.