Nilimdanganya mgeni alichosema askari getini. Nimwambie ukweli?

Dereva wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Huu mwaka wa tisa naendesha watalii hapa Arusha. Wiki iliyopita nilipokea uwanja wa ndege wa KIA familia ya Wamarekani weusi: mama mmoja wa makamo, mumewe na binti yao. Nikawapeleka loji moja upande wa Usa River. Mbele yetu kulikuwa na gari la Wazungu. Askari akafungua geti, akapiga saluti, hata jina hakuuliza. Ilipofika zamu yetu akaja dirishani, akachungulia nyuma, akaniambia: "Wageni wako wapi? Hawa wenzako wapitishe mlango wa wafanyakazi."

Yule mama akaniuliza, amesema nini? Nikamjibu, anauliza namba ya gari. Akanitazama kwenye kioo, kimya, kisha akamshika binti yake mkono. Kiswahili hajui, ila jicho lile analijua tangu kwao.

Tarangire mpaka Ngorongoro tumecheka, tumekula lanchi boksi pamoja, ananiita kaka, na uongo ule umenikaa kooni. Keshokutwa nawarudisha KIA. Nimwambie? Na ofisini nianzie wapi, maana nikitaja ubaguzi wenzangu husema huo ni wa Marekani, sisi hatuna.

Mtu wa Njoro
Mkuu, usiamshe yaliyolala. Askari anaangalia nani atamwachia chochote. Ni pesa hiyo, siyo rangi.

Dereva wa Sakina
Kaka, hawa wamelipa sawa na wale wa mbele. Pesa yao askari aliisoma wapi kama si kwenye ngozi?

Mama Nuru
Nimekaa mapokezi Moshi miaka sita. Hakuna aliyenifundisha, lakini Mzungu akiingia nilikuwa nasimama, Mswahili akiingia namuuliza shida yake nikiwa nimekaa. Siku moja akaja mzee ana ndala zenye tope. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia vyumba vyetu ni kwa dola. Akatoa risiti mfukoni, taratibu, akaikunjua mezani: alishalipia vyumba viwili. Mpaka leo nauona mkono wake ukiinyoosha ile karatasi. Mwambie huyo mama. Na askari usimpeleke kwa bosi kwanza, mfuate mwenyewe mkae chini.

Babu wa Pasua
Wanangu, mimi nimesoma enzi shule ya Mzungu mbali, ya Mhindi mbali, ya kwetu mbali. Uchaguzi wa 1958 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura sharti achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Baba yangu hata sifa za kupiga kura hakuwa nazo, maana waliangalia elimu na kipato. Likaja Azimio, hapo hapo Arusha, 1967, na imani yake ya kwanza ni kwamba binadamu wote ni sawa. Katiba nayo, ibara ya 13, inapoeleza ubaguzi imetaja rangi. Sasa geti hilo halilindwi na mkoloni, analilinda kijana wetu. Ndiyo maana linauma.

Mzaliwa wa Kijenge
Shikamoo babu. Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya India, ndoto zangu zote ni za Kiswahili, na kwenye kifodi bado konda ananiambia "Mhindi, ongeza hela." Nalalamika kila siku. Lakini nyumbani kwetu dada wa kazi ana kikombe chake peke yake, cha bati, kinakaa chini ya sinki. Nilimuuliza mama kwa nini, akasema ndivyo alivyokuta. Mwezi huu nimeanza kunywea chai kikombe hicho, mbele yake. Hatujasemezana vizuri tangu hapo, ila hakijarudi chini ya sinki.

Dereva wa Sakina
Shikamoo babu, asanteni wote. Leo nilisimamisha gari Kikatiti nikamwambia neno kwa neno. Alinyamaza muda, akaniomba nirudie kwa Kiswahili, polepole. Binti akayaandika kwenye daftari lake. Jumatatu napita kwa yule askari, bila mgeni garini.