Mtu anakula sambusa zangu, anafutia vidole ukurasa wa 14, halafu "si angeondoka tu?"

BintiMakorora:
Wakuu salaam, ingawa mimi salama sina. Nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua. Mods mkitaka kuuhamisha uzi hamisheni, ila msiufute.

Yule jamaa wa kikundi chetu cha kusoma mnamjua. Simtaji. Yule wa kalamu nne mfukoni, anayeanza kila sentensi na "kitaalamu". Huyo huyo.

Miaka miwili naandika riwaya yangu. London, 1838. Harriet anaandikia magazeti hadithi usiku, watoto wakishalala. Malipo yakitoka anayakunja mume, maana kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mke hana chake. Hata hela ya wino wake ni ya bwana. Ukurasa wa 14 anarudi nyumbani anakuta vitanda vya watoto vitupu. Bwana kawapeleka Scotland na hakuna pa kushitaki. Ukurasa ule nimeuandika mara kumi na moja. Siku nimeumaliza nililia mpaka mama akaja kuuliza nani kafariki.

Leo ilikuwa zamu yangu kujadiliwa. Kopi nimetoa kwa hela yangu. Sambusa sitini nimekaanga kwa mafuta yangu. Yeye peke yake kala arobaini, naapa. Akafungua ukurasa wa 14, anatafuna. Akafuta vidole, vyote vitano, kimoja baada ya kingine, PALE PALE kwenye vitanda vitupu. Ndipo akasema: "Sasa huyu mama, si angeondoka tu?"

Si. Angeondoka. Tu.

Na watu wakacheka!

Aende wapi, wewe mwenye kalamu nne? Kabla ya 1857, ukitaka talaka ya kukuruhusu uolewe tena, Bunge likae likutungie sheria yako wewe peke yako! Mahakama ya talaka ilipokuja, mume akithibitisha mkewe amezini, imekwisha. Mke je? Uzinzi wa mume hautoshi, auongezee na ukatili, au awe katelekezwa. Mshahara wake mwenyewe kaja kuumiliki 1870, mali yake nyingine 1882. Watoto ndiyo usiseme. Caroline Norton, mwandishi kweli kweli, mume alimnyang'anya wanawe watatu 1836. Akapiga kelele kwa kalamu mpaka sheria ikapita 1839, kwamba mama anaweza kuwaomba mahakamani wanawe walio chini ya miaka saba. KUWAOMBA!

Yote haya nilikuwa nayo kichwani, na sikusema hata moja. Nilikuwa nakitazama kile kidole cha mwisho. Kile kidogo. Alikifuta mara mbili.

MzeeWaKijiwe:
Hii chai. Bahati nzuri sambusa unazo, endelea.

Chuma_Ulete:
Arobaini? Binadamu mmoja? Weka picha.

MamaWawili:
Namjua!! Si mwenye kofia ya kahawia? Kaniazima kitabu 2019, kila nikimuuliza "nakimalizia dada".

BintiMakorora:
Ndiye. Ila jamani, KIDOLE.

MzeeWaKijiwe:
Bibie, nauliza kwa nia njema kabisa. Si angetoroka usiku?

BintiMakorora:
Na wewe nenda kapange foleni nyuma yake. 1891, mji wa Clitheroe huko huko Uingereza, Bi Jackson alikataa kukaa na mumewe. Bwana akamvizia Jumapili anatoka kanisani, akamkwapua na gari la farasi, akamfungia nyumbani. Mahakama ya kwanza ikaona sawa tu! Mpaka Rufani ndiyo ikamtoa. 1891, babu!

Wakili_Uchwara:
Kwa hiyo mume alishindwa. Nawasilisha.

PweziWaNungwi:
Mbona Bi Salme, binti wa Sultani, aliondoka Unguja 1866 kumfuata Mjerumani wake, tena kwa manowari ya Waingereza? Mwenye nia haulizi njia.

MamaWawili:
Kaondoka akakuta nini? Hamburg, 1870 mume kagongwa na tramu, kabaki na watoto watatu kwenye baridi ile. Pwezi uwe unasoma mpaka mwisho.

PweziWaNungwi:
Nilikuwa napita tu.

Kichuna_Og:
Mie ugomvi wangu ni yale magauni yao. Niliyaona kwenye filamu, nikamwambia fundi anishonee la sendoff, lenye waya chini. Nimeketi kwenye bajaji, gauni lote likainuka mbele mpaka kidevuni. Mashangazi wameona vya kuona.

BintiMakorora:
Shukuru hukupita karibu na jiko. Wenzio miaka ya 1860 sketi zile za matao ya chuma zilikuwa zikidaka moto wa kuotea baridi, mtu anaungua sebuleni kwake. Hiyo iko ukurasa wa 52, yule mla sambusa hakufika.

Chuma_Ulete:
Kichuna, fundi gani huyo?

Kichuna_Og:
Wa nyuma ya stendi. Futi kamba iko shingoni muda wote na hapimi mtu, anakukadiria kwa macho.

MamaWawili:
Wa "njoo Ijumaa"!

MzeeWaKijiwe:
Ana suruali yangu ya Iddi.

Chuma_Ulete:
Iddi ipi mzee?

MzeeWaKijiwe:
Ndiyo nimesahau.

BintiMakorora:
Jamani turudi ukurasa wa 14.

Wakili_Uchwara:
Kisheria, kitambaa kikikaa kwa fundi kinabaki mali ya mteja. Mimi mwenyewe ana koti langu.

Kichuna_Og:
Twendeni kwa pamoja, Jumamosi saa nne. Akituona wengi atatafuta pa kupitia.

BintiMakorora:
Subiri. Huyo fundi ana cherehani ya kijani, kaiweka mlangoni kabisa? Ana kitenge changu tangu mwezi wa pili.