Tumelipia tamthilia za Kihindi mwaka mzima, tunaambiwa "haipatikani katika eneo lako"!

Wakuu, leo sinyamazi.

Mimi Mhindi wa Mombasa, nimeolewa Leicester, Uingereza. Mama mkwe ni wa Jinja, Uganda, mmoja wa wale Wahindi ambao Idi Amin aliwapa siku 90 wafungashe mwaka 1972. Raha yake ya jioni ni moja tu: chai, na tamthilia ya Anupamaa. Na fundi wa hiyo raha ni mimi. Nywila, kadi ya benki, waya wa televisheni, yote yananiangukia mie.

Programu tuliyolipia ni halali, risiti ninayo. Jana nafungua, sehemu ya juzi ipo, ya jana hakuna, eti haipatikani katika eneo letu. Eneo gani? Si ndilo hilihili mlilokatia pesa? Nikaandika kwa huduma kwa wateja, roboti likanishauri nizime simu niiwashe tena. Nyoo!

Msinieleze habari za haki za kuonyesha, najua zinauzwa nchi kwa nchi. Wifi yangu yuko Toronto, kampuni nyingine, kilio kilekile. Lakini basi semeni kabla ya kukata pesa! Nikajaribu kujiunga na programu ya India kwenyewe, inataka namba ya simu ya India, ya +91, ndiyo itume msimbo. Niitoe wapi? Ukoo mzima huu hakuna aliyeishi India tangu babu wa mume wangu apande jahazi.

Linalonichoma zaidi ni kijana wa jirani. Hajalipa hata senti. Kipindi cha saa nne usiku kule, kwetu majira haya ya joto ni saa kumi na moja na nusu jioni, na kabla ya chakula cha usiku yeye keshakipata kwenye tovuti za wizi.

Tukajaribu na sisi, sifichi. Wezi wameigeuza picha kama kioo ili wasinaswe, sauti wameibana hadi bwana harusi anaongea kama panya. Mama mkwe akatazama weee, akauliza, "Beta (mwanangu), mbona ukoo mzima unakula kwa mkono wa kushoto? Hawakufunzwa?" Akabonyeza alama ya kufunga tangazo, ikafunguka kamari. Mama wa miaka 78, hata karata hachezi!

Kwa hiyo anayelipa hapati, na asiyelipa anapata kinyumenyume.

Mwenye njia halali inayofanya kazi hapa Uingereza aiweke, nitalipa tena, sina shida. Wale wa "msomee muhtasari" pitieni mbali. Nilimsomea jana, nilipofika kwenye kofi akanikatiza: kofi huonwa, tena mara tatu, na radi juu. Halafu akazima taa akaenda kulala bila kumaliza chai.