Mwajiri apekue ukurasa wako wa TikTok kabla ya kukupa kazi?

Ndugu zangu wa Mombasa, nina jambo linanikera. Kazi yangu ni kuajiri, na mwaka jana nilikaa kwenye jopo la hoteli moja ya ufuoni. Tulitafuta mtu wa mapokezi. Binti mmoja alitupendeza sote: Kijerumani anakijua, adabu anayo. Alipotoka tu, mwenzetu akachomoa simu, akatafuta jina lake, akatuonyesha video. Binti yuko harusini, leso kiunoni, anacheza chakacha na wanawake wenziwe. "Huyu hatufai," akasema, na kalamu ikapita juu ya jina. Nikanyamaza, na hadi leo linanichoma.

Hakuambiwa sababu. Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kujulishwa taarifa zake zinatumiwaje. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa dini, mimba au maoni ya kisiasa. Sasa fungua Facebook ya mtu: kanzu ya Idi, tumbo la miezi sita, fulana ya chama. Ukishayaona, utoe alama kana kwamba hukuyaona? Mimi nasema mwajiri asipekue. Mnasemaje?

Msimamizi, Bamburi: Kwa binti huyo niko nawe, ndugu yangu. Lakini sisi tunakula kwa wageni. Kijana wetu wa baa alimrekodi mgeni aliyelewa kando ya bwawa, akairusha mtandaoni. Mgeni aliiona kabla hajafunga mizigo, akaniita chumbani, akanishikia simu usoni huku mkono unamtetemeka. Baadaye nikapitia ukurasa wa kijana: video za namna hiyo tele, tangu kazi yake ya kwanza. Ningezitazama mapema, yule mgeni angesitirika.

Dada wa Likoni: Kaka, huyo alikosa akiwa kazini, aadhibiwe kwa hilo, tena baada ya kuelezwa kosa lake na kusikizwa mbele ya mwenzake, kama kifungu cha 41 cha hiyo Sheria ya Ajira kinavyotaka. Mimi mkataba wangu haukuongezwa kwa sababu niliandika Facebook kwamba feri imetuchelewesha. Mkubwa akaniambia nina mdomo. Mvukaji gani wa Likoni hajawahi kulalamikia feri?

Mleta mada: Bwana wa Bamburi, hilo la mgeni limenigusa, nami nalegeza kidogo. Kama lazima mtazame, tangazo la kazi liseme hivyo. Anayetazama asiwe kwenye jopo, na alete yale yanayogusa kazi tu: kurekodi wageni, matusi, siri za ofisi. Kisha mwombaji aonyeshwe kilichopatikana, ajieleze kabla jina halijakatwa. Tungempa yule binti dakika moja, angetuambia ile ilikuwa harusi ya nani.