Naomba ushauri: tairi za bei nafuu za misimu yote kwa Axela, safari za Nakuru hadi Ahero

Mwalimu wa Lanet

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kununua na kutumia, kwa sababu nimezunguka madukani Nakuru mjini kwa siku mbili na kila muuzaji ameniambia neno lake.

Gari langu ni Mazda Axela ya 2014, injini ya lita 1.5, tairi za 205/60 R16 (upana wa milimita 205, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 16). Siku za kazi halina makubwa: Lanet hadi mjini, foleni ya asubuhi, kisha nyumbani. Lakini kila Ijumaa ya pili naenda Ahero kumtazama mama, nikipitia Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho na Awasi, na sitaficha kwamba naipenda safari hiyo kwa ajili ya kona zake. Napenda gari linaloitikia usukani papo hapo, lisiloyumba wala kupiga kelele za tairi katikati ya kona. Sizungumzii mashindano; nazungumzia kuendesha kwa raha ndani ya kasi inayoruhusiwa.

Kilichonifanya niulize sasa ni hiki. Mwanzoni mwa mwaka nilinunua tairi mbili mpya, na dukani wakazifunga mbele kwa maelezo kwamba gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mwezi uliopita mvua ya mawe ilinikuta nikiikaribia Kericho. Kwenye kona ya kushoto niliachilia mafuta kidogo tu, mkia wa gari ukatoka nje, gari likazunguka na kusimama gurudumu moja la nyuma likiwa ndani ya mtaro, shamba la chai likiwa pale pale dirishani. Namshukuru Mungu hapakuwa na gari lililokuwa likija. Nilipopitisha kidole gumba kwenye tairi ya nyuma nilikuta vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji vimelingana kabisa na uso wa tairi, na chembe za barafu zilikuwa zimetanda juu yake kana kwamba hakuna mfereji wowote.

Sasa nataka kubadilisha zote nne, na nina shilingi 48,000. Nimeonyeshwa tairi mpya za China na Indonesia zinazouzwa kama za misimu yote na za mwendo kwa pamoja. Nimeonyeshwa mitumba ya Japani yenye majina makubwa na meno manene. Na jirani ananiuzia rimu za inchi 18 zikiwa na tairi za 215/45. Je, haya maneno "misimu yote" yana maana gani kwetu ambako hakuna theluji? Na nisome nini ubavuni mwa tairi ili nisidanganywe?

Fundi wa Kondele

Pole sana, mwalimu, na ahsante kwa kueleza ajali yako bila kuficha, kwa maana ndani yake mna nusu ya jibu.

Tairi mpya zikiwa mbili, hufungwa nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Tairi za mbele zikipoteza mshiko, gari hunyooka tu kuelekea nje ya kona, na dereva yeyote huachilia mafuta bila kufundishwa, gari likarudi. Za nyuma zikipoteza mshiko, kule kuachilia mafuta ndiko kunakomaliza kazi, kwa kuwa uzito huhamia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na gari huzunguka kabla hujajua. Hoja ya kuziweka mbele ina mashiko kwenye matope unapotaka kujikwamua. Kwenye lami iliyojaa maji haina. Vinundu ulivyovigusa ndivyo alama ya mwisho: huwekwa kwenye kina cha milimita 1.6, ilhali tairi mpya huanza na milimita 7 au 8 hivi. Katika mvua za Kericho mimi humwambia mteja abadilishe zikifika milimita 3, asingoje vinundu.

Kuhusu jina. Tairi ya misimu yote ilibuniwa kwa nchi zenye baridi, ili mtu asibadilishe tairi majira yanapogeuka. Raba yake haikakamai upesi joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na meno yake yana vikato vyembamba vingi vya kushika theluji. Huku kwetu nyuzi 7 ni habari ya alfajiri kule Timboroa na Mau Summit, basi. Kisumu mchana lami inachoma. Vikato vile vile huyafanya meno yalegee, na ndipo unapohisi usukani unachelewa kwenye kona na tairi inalika upesi kwenye joto. Herufi M+S (matope na theluji) ni tamko la mtengenezaji kuhusu umbo la meno, si matokeo ya jaribio. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndiyo inayotokana na jaribio, nalo ni jaribio la theluji, kwa hiyo usiilipie hata senti.

Kinachokufaa katika kundi hilo ni zile zilizotengenezwa kwa mwendo: mabega magumu (kingo za uso wa tairi), mifereji mipana inayozunguka tairi nzima, na herufi ya kasi V au W. V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270. Hutafika huko wala usijaribu, lakini tairi iliyojengwa kustahimili joto la kasi hiyo huwa na mwili imara zaidi unapokata kona. Gari lako linahitaji 92V: 92 ni uzito wa kilo 630 kwa kila tairi. Usikubali kushushwa chini ya hapo.

Mama wa Milimani, Kisumu

Mwalimu, mimi nina neno moja kuhusu mitumba, na naliandika kwa uchungu. Nilinunua tairi nne za jina kubwa kutoka Japani, meno manene, zimepakwa dawa zikang'aa kama viatu vya harusi. Miezi mitano baadaye, nikipanda mlima wa Kisian nikiwa na wanangu wawili, nilisikia mpigo kama wa mtu anayegonga chini ya sakafu. Nilisimama. Uso wa tairi ya nyuma ulikuwa umeanza kubanduka kutoka kwenye mwili wake, unaingiza kidole.

Ndipo fundi aliponionyesha msimbo. Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zangu zilisema 1412, yaani wiki ya 14 ya 2012, na tulikuwa 2022. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na upande huo hufungwa ndani, kwa hiyo iangalie tairi kabla haijavishwa rimu, ukiwa na tochi ya simu. Michelin wenyewe hushauri tairi ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na iondolewe ikifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama meno yapo. Tairi ya bei nafuu iliyotengenezwa mwaka jana naiamini kuliko ya kifahari iliyozeeka katika nchi ya watu. Ukiikunja mpira kwa kidole gumba karibu na rimu na kuona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, iache hapo hapo.

Dereva wa Impreza, Kakamega

Nakubaliana na fundi kwa mengi, lakini kuhusu rimu za inchi 18 naona hajagusa, nami niliwahi kuingia katika mtego huo.

Hesabu haidanganyi. Tairi yako ya 205/60 R16 ina kimo cha jumla cha milimita 652 hivi. Ile ya 215/45 R18 ina milimita 651. Kwa hiyo kipima kasi chako hakitapotoka, na jirani yako hasemi uongo akikuambia zitaingia. Tofauti iko ubavuni: sasa una ubavu wa milimita 123, utabaki na 97. Hizo 26 zinazoondoka ndizo zinazopokea mashimo badala ya rimu yako. Kona zitakuwa tamu zaidi, hilo ni kweli na ninalikumbuka, lakini shimo moja la usiku lilinipindia rimu na kunitolea uvimbe ubavuni mwa tairi kwa mpigo mmoja. Baki na 16.

Kuhusu majina, watu wasikutishe kwa neno "China". Tangu kampuni ya Sameer walipofunga kiwanda chao cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza tairi za Yana, mwaka 2016, tairi mpya za gari dogo tunazonunua zinatoka nje, na viwanda vya huko havilingani. Westlake na Goodride ni za kampuni moja, Zhongce ya Hangzhou. Sailun ni ya Qingdao. Accelera inatoka Indonesia. Usinunue jina, nunua maandishi ya ubavuni. Penye neno TRACTION utaona AA, A, B au C: huo ni mshiko wa breki kwenye barabara iliyolowa, gari likienda moja kwa moja. Kwa njia yako usishuke chini ya A. Penye TREADWEAR pana namba. Ndogo kama 300 huashiria raba laini inayoshika na kuisha upesi, kubwa kama 500 huashiria tairi ya kudumu. Lakini kila mtengenezaji hujipa namba hiyo mwenyewe baada ya jaribio, kwa hiyo ilinganishe ndani ya kampuni moja, si kati ya kampuni mbili. Tairi ikiwa na kibandiko cha Ulaya, tafuta picha ya wingu la mvua: ngazi za mshiko kwenye maji ni A hadi E tangu Mei 2021.

Mwalimu wa Lanet

Nawashukuru mno. Mitumba nimeiacha, na rimu za jirani nimezikataa kwa heshima. Leo nilirudi dukani na tochi kama mama alivyonielekeza, na sasa nimebaki na mbili, zote za misimu yote za mwendo, bei zikiachana kwa shilingi 800 kwa kila tairi. Ya kwanza ni 92V, TREADWEAR 460, TRACTION A, msimbo 3124. Ya pili, ambayo ni ghali zaidi, ni 96W, TREADWEAR 320, TRACTION AA, msimbo 1821. Moyo wangu uko kwa ya pili.

Dereva wa Impreza, Kakamega

Ningekuwa wewe ningechukua ya pili bila kusita. Tairi mpya iliyohifadhiwa penye kivuli, mbali na jua na mafuta, haijaharibika kwa sababu ya miaka mitatu au minne, na AA utaihisi siku utakapokanyaga breki pale Londiani mbele ya lori lililosimama ghafla.

Fundi wa Kondele

Hapo natofautiana na ndugu yangu, ingawa sababu yake naiheshimu. Kwanza, hatujui kama hizo zimehifadhiwa kivulini. Nimeona maduka mengi ambamo tairi hukaa juani kando ya barabara kuanzia asubuhi hadi jioni. Pili, mwalimu ameeleza kwamba siku nyingi gari liko kwenye foleni ya mjini, na huko raba laini inalika bure. Tatu, hiyo AA ni ya breki za kunyooka. Haisemi lolote kuhusu kona, na ajali yake ilikuwa ya kona. Mifereji yenye kina itakayodumu muda mrefu itamsaidia zaidi katika msimu wa tatu wa mvua kuliko raba laini iliyokwisha.

Mwalimu, chukua ya kwanza, na zile shilingi 3,200 zitakazobaki zitumie kwa balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wake) siku hiyo hiyo, kwa kuwa gari lililoingia mtaroni kwa gurudumu la nyuma huenda limepinda kitu, na tairi mpya kwenye gari lililopinda hulika upande mmoja kabla ya miezi minne. Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, upime tairi zikiwa baridi, si baada ya kufika. Na kilomita 300 za mwanzo endesha taratibu, kwa maana tairi mpya hutoka kiwandani ikiwa na utelezi juu yake.

Kumbuka pia kwamba kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa umbali wa breki hukaribia kuwa mara mbili, tairi iwe ya bei gani.

Mchukuzi wa miwa, Chemelil

Kwa mama yako ukitoka lami ni udongo mweusi wa Kano. Hapo hakuna tairi ya lami itakayokuvusha mvua ikinyesha, iwe ya misimu yote au ya msimu mmoja. Meno hujaa katika mzunguko mmoja tu. Egesha barabarani utembee.

Mwalimu wa Lanet

Narudi na taarifa. Nilichukua ya kwanza, zote nne kwa shilingi 43,200, na alaimenti ikaonyesha gurudumu la nyuma kulia lilikuwa limeelekea ndani, kama fundi alivyohofia. Limerekebishwa.

Nilimaliza kilomita 300 mjini na Njoro, kisha Ijumaa nikaenda Ahero. Mvua ilianza Londiani na haikuniacha hadi nilipoanza kuteremka kuelekea Awasi. Kona ile niliipitia kwa kilomita 60, chini kidogo ya siku ile, na kwa makusudi sikuachilia mafuta wala kuongeza. Usukani ulibaki mzito na mtulivu mkononi, na nyuma kulifuata mbele. Kwenye lami kavu gari haligeuki kwa wepesi niliokuwa nikiutamani. Kuna kuchelewa kidogo mwanzoni mwa kona, kisha linashika vizuri hadi mwisho. Kelele zipo kwenye lami ya kokoto, hasa karibu na Salgaa, lakini redio inazishinda. Kwa mama niliegesha barabarani nikatembea.

Jana nilipokuwa nikipanga buti nilimulika spea kwa tochi. Msimbo wake unasema 0814: ndiyo iliyokuja na gari. Naomba kuuliza, Fundi: mwezi ujao ninunue tairi ya tano ya aina hii hii, au nitafute ya bei nafuu yenye kipimo hicho hicho kwa dharura tu?

Fundi wa Kondele

Nunua aina hiyo hiyo, kabla duka halijaziuza zote. Ukipata pancha Kericho usiku ukafunga tairi ya namna nyingine nyuma, utakuwa umerudi pale pale kwenye kona yako.