Mashilingi yasiyosikia dawa ya fangasi, miezi minne sasa

Boda_Sakina:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimechoka. Nipo Arusha naendesha boda. Mwezi wa sita baridi ilipokaza nilitokwa na kidoa kwenye goko la kushoto nikadhani mdudu kaniuma, kikatanuka mpaka kikawa duara kama sarafu ya mia mbili, vikaja vingine, leo ninavyo saba miguuni na kimoja mkononi. Usiku vinawasha balaa, najikuna hadi vinatoa majimaji, asubuhi suruali imegandia mguuni. Duka la dawa wakasema hayo mashilingi, wakanipa krimu ya fangasi, nimemaliza tyubu tatu hamna kitu. Kinachoniumiza zaidi ni mwanangu wa miezi nane, simbebi, tunaogopa nitamwambukiza. Hii kitu ni nini jamani?

Ngaramtoni_Juu:
Pole sana kaka. Ponda kitunguu saumu, kamulia ndimu, paka usiku ufunge na kitambaa. Mdogo wangu alipona hivyo.

BintiKibosho:
Boda usipake kitunguu saumu nakuomba, kwenye ngozi iliyochubuka kinaunguza kabisa, mimi kiliniachia malengelenge na alama mpaka leo.

Yako inafanana na yangu mno. Nilihangaika karibu mwaka mzima na dawa za fangasi mpaka nikaenda hospitali ya KCMC hapa Moshi, kwenye kile kituo chao cha magonjwa ya ngozi kilichopo tangu 1992. Daktari alichukua kisu kidogo akakwangua magamba pembeni ya duara, akayaweka kwenye kioo na tone la dawa, akayatazama kwa hadubini, hakuna fangasi hata mmoja. Akasema ni pumu ya ngozi, ile aina inayotoka kwa umbo la sarafu. HAIAMBUKIZI. Mbebe mwanao leo hii.

Tatizo sisi kila duara tunaliita mashilingi. Ya fangasi mara nyingi ukingo ndio umeinuka una magamba na katikati panasafika, hii yetu duara zima limejaa, linatoa maji halafu linakauka na ukoko. Na kwenye ngozi nyeusi haliwi jekundu kama picha za mtandaoni, linakuwa kahawia iliyokolea au kijivu, ndio maana wengi hawalitambui.

Halafu akaniuliza naogaje. Nikamwambia maji ya moto haswa, sabuni ya mche, na dodoki nasugulia palepale panapowasha maana nilikuwa nasikia raha. Kumbe ndio nilikuwa naikausha ngozi na kuichubua kila siku, na hii inapenda ngozi kavu, ndio maana baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaiamsha. Sasa naoga maji vuguvugu dakika chache, sabuni isiyo kali, najifuta kwa kugusagusa tu, na ngozi ikiwa bado na unyevu najipaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Asubuhi na jioni, hata vidoa vikiwa vimeisha.

Nesi_UsaRiver:
Binti kaeleza vizuri, mimi naongezea kuhusu dawa. Kinachotuliza hivi vidoa ni krimu ya steroidi, mfano betamethasoni, unapaka juu ya kidoa chenyewe tu kwa wiki chache kama daktari atakavyopanga. Kipimo chake, ukikamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza, hiyo inatosha eneo la viganja viwili. Lakini usiinunue kienyeji kabla hujapimwa, steroidi juu ya fangasi inapoza muwasho huku fangasi wanasambaa na kubadilika sura, hata daktari anapata shida kuwatambua. Hizi krimu za mchanganyiko wa dawa tatu, steroidi ikiwemo, zinazouzwa kila kona zimewaharibu watu wengi, usoni ndio kabisa usijaribu.

Ukiona usaha, ukoko wa njano, mguu unavimba au homa, hapo bakteria wameingia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na nisaidie kitu kimoja, gusa kidoa kwa pamba huku umefumba macho. Unahisi? Baka lisilohisi kitu ni habari nyingine, linatakiwa kuchunguzwa ukoma.

Boda_Sakina:
Nimejaribu sasa hivi nesi, nahisi vizuri vyote nane. Aisee hata mimi naoga maji ya moto na dodoki, baridi ya saa kumi na moja alfajiri kwenye boda unaijua. Vipi yale madoa meusi yanayobaki?

BintiKibosho:
Yanafifia taratibu, yangu yalichukua miezi kadhaa. Usipake mkorogo kuyaondoa. Na ndani ya jinzi vaa kitu cha pamba, sufu isiguse ngozi.

Boda_Sakina:
Nimemsomea mama watoto yote haya, mtoto yupo mapajani ninavyoandika. Jumatatu napanda gari ya Moshi asubuhi, nikapimwe.